Mafuta Yenye Ilipita mu Mbao

"Pumua kwanza, shemeji, eskalie haitakimbia," Clovis, jirani wa chini, alimuambia Fidèle. Alikuwa amesimama pale chini, ku mulango wa studio yake ya picha, mikono mu mifuko, na hakusogea hata kidogo kumusaidia.

Fidèle alikanyaga ngazi ya kwanza. Bidon moja ya mawese ilikuwa ku bega, ingine ilikuwa inamuvuta mukono, na jasho ilikuwa inamuingia mu macho. Alipanda. Mbao za eskalie zililia chini ya miguu yake, na ndani ya roho aliapa kama hii njo mara ya mwisho. Kuanzia kesho mafuta yake italala chini, ku udongo, kama mafuta ya watu wengine.

Alitoka Wamaza akisukuma kinga yake, baiskeli ya kubebea mafuta. Usifikiri mutu anaipanda ile kinga. Nafasi iko wapi? Mabidon inajaa kando, nyuma, katikati. Unafunga fimbo moja ku usukani, ingine nyuma ya kiti, na unatembea pembeni kama mutu anapeleka ng'ombe mugonjwa ku munganga. Ku kilima unasukuma na kifua. Ku muteremuko unavuta na mwili muzima, sababu ikikuponyoka utaokota vyuma tu. Giza ikiingia unalala ku baraza ya watu, na mwenye baraza akiwa na moyo muzuri anakupatia na moto. Karibu na daraja moja ya miti, chuma ilitoboa bidon moja, na Fidèle alifanya vile wasukumaji wote wanafanyaka: alikata kipande ya sabuni, akaifinyanga mu vidole mpaka ikalainika kama ugali, akaziba tundu. Ilishika mpaka Kasongo.

Sasa, hiyo etaje, hiyo gorofa yenye alikuwa anapanda. Mzee Faradji aliijenga karibu na soko, chini matofali, juu mbao ya muvula, vyumba vimepangana ku kolidoo moja. Fidèle na muke wake Grâce walikaa juu, chumba moja na salon ndogo, tangu watoke Wamaza. Kwao kule wandugu walikuwa wanamucheka: weye sasa unakaa juu ya vichwa ya watu kama njiwa? Muhogo utapanda wapi, ku dirisha? Alikuwa anacheka nao, lakini ile neno ilimuingia. Mutu mwenye nusu ya maisha analala ku baraza ya wengine anatamani mahali atakanyaga aseme, hapa ni kwangu.

Na mahali ilipatikana. Mzee Pacifique, katekista wa zamani, alikuwa anaenda Kindu kukaa kwa binti yake, na alitafuta mutu wa kupangisha nyumba yake, kule mwisho wa muji, ku barabara ya Kabambare. Nyumba ya matofali ya udongo, mabati ingali muzima, parseli kubwa, kiwanja ya kulima, na michikichi miwili yenye inazaa. Bei ilikuwa sawa na ya etaje. Mzee alikuwa anaondoka kesho asubuhi, na mutu mwingine alikuwa anangojea ile nyumba. Alitaka jibu leo.

Grâce hakukataa. Njo kitu ilikuwa inamusumbua Fidèle kidogo: hakukataa, na hakushangilia. Tumbo yake ilikuwa kubwa sasa, mwezi wa kuzaa ulikuwa umefika. Ile mimba ya kwanza waliipoteza Wamaza. Nyumba yao kule ilikuwa nyuma ya shamba ya muhogo, nzuri, ya peke yake, na siku uchungu ulimushika mbele ya wakati, Fidèle alikuwa mu njia na mafuta. Grâce aliita. Aliita mpaka sauti ikaisha. Wakati Fidèle alifika, udongo wa kaburi kadogo ulikuwa umeshakauka. Tangu pale hawakuisema sana. Walihama tu.

Alitua mabidon chini ya dirisha, mahali jua ilikuwa inaingia. Soko ilikuwa imejaa mawese ile siku. Alitaka kungoja kidogo mbele ya kuuzisha. Grâce alikuwa amelala ubavu, na bila kufungua macho alimushukuru Mungu kama amefika muzima.

"Ninaenda kwa Mzee Pacifique," Fidèle alimuambia. "Ninapeleka jibu."

"Jibu gani?"

"Si tulisema ya nyumba."

Grâce aligeukia ukuta. "Weye njo unajua," akasema, na Fidèle akaichukua kama ndiyo.

Akamukumbusha kufunga komeo nyuma yake. Hiyo alikuwa anamukumbusha kila safari. Mutu wa njia haamini watu wa muji, na ile kolidoo, kwake yeye, ilikuwa na macho mengi kupita. Alingoja inje mpaka akasikia komeo inaingia, tena akashuka.

Mzee Pacifique alimupokea vizuri, akamuzungusha parseli yote. Akamuonyesha kona mahali mvua inapita ikiwa na upepo, akamuonyesha mahali marehemu muke wake alikuwa anapanda lengalenga. Kulikuwa kimya. Ulisikia mududu moja anaruka. Fidèle aliinama, akachukua udongo mu mukono, akaufinya. Ulikuwa mweusi, ulishikana vizuri. Alikuwa ameshafungua kinywa kusema ndiyo wakati telefone ililia.

Ilikuwa Clovis. Hakutania.

"Fidèle, kuja mbio. Kwa muke wako kunatoka damu."

Hakuaga. Udongo ulikuwa ungali mu mukono wakati alimusimamisha motari wa pikipiki ku barabara, na njia yote ule motari alikuwa anamuuliza mambo, yeye hakusikia hata moja. Alikuwa anasikia kitu ingine. Alikuwa anasikia mwanamuke anaita nyuma ya shamba ya muhogo, ile sauti yenye siku ile haikumufikia, na sasa ilikuwa inamufikia yote mara moja, ku barabara ya Kasongo, katikati ya mbuzi na makinga.

Ku etaje watu walijaa mpaka ku eskalie. Walimuachia njia. Alipanda akishika ukuta. Juu kabisa, mu kolidoo, akaona mulango wake umelala chini, komeo imeng'oka na kipande ya mbao. Akasimama.

Njo akasikia harufu. Mutu mwingine angesikia harufu ya jasho na watu wengi. Yeye alisikia mawese.

Ndani, Grâce alikuwa amekaa ku kitanda, kitambaa ya maji ku paji ya uso, wanawake wamemuzunguka, na alikuwa anacheka. Alicheka mpaka alishika tumbo na mikono yote mbili, machozi inashuka. Chini ya dirisha bidon moja ilikuwa imelegea kama ngozi, na mbao yote ilikuwa nyekundu.

Walimuelezea wote pamoja, na ilichukua wakati mpaka aelewe. Jua ilipasha bidon, sabuni ikayeyuka, ikatoka. Mafuta ikatembea polepole, ikatafuta nafasi kati ya mbao na mbao, ikapita. Chini yao anakaa Mama Soraya, mujane mwenye kuuzisha vitumbua, na saa ile Mama Soraya alikuwa amesimama mu sala ya adhuhuri, amejifunika kitambaa yake nyeupe. Aliinama, tone ikaanguka ku mukono wa ile kitambaa. Alisujudu, ingine ikaanguka ku mukeka, karibu na paji yake. Nyekundu. Na Mama Soraya alijua vizuri nani analala juu yake, na tumbo ya namna gani.

Sasa, Mama Soraya si mutu wa kuacha sala. Kitumbua ikiungua anaiacha iungue. Lakini ile siku aliacha katikati, akapanda eskalie miguu wazi, akiita jina la Grâce. Alipiga mulango. Mama Ernestine wa chumba ya pembeni akatoka, akapiga naye. Hakuna jibu. Grâce alikuwa amelala ule usingizi muzito wa mwezi wa mwisho, na komeo ilikuwa imefungwa vizuri kabisa, vile bwana yake alimufundisha. Njo Clovis, kisha kumupigia Fidèle telefone, akapanda na ile miguu ya chuma yenye anasimamishiaka mashini ya picha. Akaisukumiza ku mulango na nguvu yote. Grâce alifungua macho, akakuta watu wa etaje nzima juu ya kitanda yake, na kitu ya kwanza aliuliza ni kama soko inaungua.

"Na harufu?" Fidèle aliuliza, sababu hakujua aulize nini. "Hamukusikia harufu?"

"Macho ilitangulia pua," Mama Soraya alisema. Alikuwa amekaa ku kiti ya Fidèle, ile kitambaa nyeupe ku magoti, tone yake nyekundu imetanuka. Alimuangalia toka kichwa mpaka miguu. "Weye, Baba. Unatuletea hofu mu bidon kutoka Wamaza?"

Watu walicheka. Fidèle alitaka kucheka nao, ikakataa. Alipiga magoti mbele ya yule mama, na akaona kama udongo wa Mzee Pacifique ungali mu vidole yake.

"Mama, uliacha sala."

"Nitairudilia. Wakati ungali." Akamusukumia kitambaa ku kifua. "Lakini hii utafua weye. Si muke wako. Weye na mikono yako."

Clovis naye alileta miguu ya mashini. Moja ilikuwa imejikunja kama muguu wa panzi. Alisema hakuna neno, ila picha ya mutoto ataipiga imelala upande, wasimulaumu. Mama Ernestine alileta majivu mu sahani, akaanza kumwanga ku mafuta bila kuambiwa na mutu.

Walikuwa wangali wanapangusa wakati Mzee Pacifique alifika. Alikuja na kinga yake ya zamani, polepole, kofia mu mukono, na aliposikia kama ile damu alisikia mu telefone ya Fidèle haikuwa damu, alifanya ishara ya musalaba, akaomba kiti. Akakunywa maji. Akaangalia ule mulango chini, wale wanawake, majivu. Mwisho alitoa ufunguo mu mufuko wa koti, na hakumupatia Fidèle. Aliuweka tu ku goti yake.

"Sitaki kukusukuma, mwanangu. Lakini kesho ninaondoka."

Fidèle aliangalia ule ufunguo. Aliutamani, tusidanganye. Aliona michikichi, aliona kinga yake imesimama ku ukuta chini bila eskalie, aliona wandugu wa Wamaza wamekaa ku kivuli yake wakikosa neno ya kumucheka. Akaanza kusema kama ile parseli iko na udongo muzuri sana, kama kule hata mabidon kumi haitamusumbua mutu. Tena akanyamaza, akamuangalia Grâce.

Kicheko ilikuwa imemuisha. Alikuwa anapitisha mukono ku tumbo, polepole.

"Kule," alisema, "mafuta ikimwangika, nani ataiona?"

Mama Ernestine aliendelea kupangusa. Na Fidèle, mwenye wakati wote alifikiri anatafuta mahali pa kumulinda, alijua kama jibu yake ilikuwa imeshatoka mbele ya kufungua kinywa.

"Mzee, utusamehe," alisema. "Mupatie yule mwingine."

Mzee Pacifique hakukasirika. Alirudisha ufunguo mu mufuko, akapigapiga mufuko kama mutu anatuliza mutoto. "Kule ni kimya kweli," alisema. "Miye mwenyewe, sababu gani unafikiri ninaenda kwa binti yangu?" Akamuwekea Grâce mukono ku kichwa, akasema baraka yake mu sauti ya chini, akaomba Mama Soraya aitikie amina na yeye, na Mama Soraya akaitikia.

Wakati watu walitawanyika, Fidèle alishuka ku bomba na kitambaa nyeupe. Alifua. Watu wa soko walikuwa wanapita, mwanaume anafua kitambaa ya sala ya mwanamuke mwingine, kila mutu na neno yake. Aliwaachia waseme. Tone ilififia, ikawa rangi ya chungwa, ikabaki pale kama alama ya kidole. Alipomupelekea, akiomba samahani tena, Mama Soraya aliishika ku mwangaza, akaigeuza, akasema itatosha. Tena akamupatia sahani ya vitumbua ya muke wake, akamuambia asile hata moja mu njia.

Seremala alisema atakuja kesho. Mulango ukasimamishwa ku ukuta wa kolidoo, na mahali yake Grâce alitundika kitenge na misumari. Jua ilikuwa inashuka upande wa Lualaba. Walikaa bega kwa bega ku kitanda, wakala vitumbua, miguu yao ku mbao zenye zilikuwa zingali zinateleza. Fidèle alitaka kumuambia muke wake kitu, kitu kikubwa, ya ile siku ya Wamaza na ya leo. Grâce alimupatia kitumbua ingine.

Upepo wa kolidoo ulijaza kitenge, ukaiachilia. Inje hatua zilipita, zikarudi, zikasimama. Mutu angeweza kusogeza nguo na kidole moja, kuona yote. Hakusogeza.

"Hodi," sauti ilisema.

Grâce akajibu karibu, mbele ya kujua ni nani.