Wagonjwa wa Juu ya Mabati

Tarehe 30 Januari, saa sita kasoro kidogo, Mariette alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya radio ya mtaa, Butembo, akichambua maharagi. Kila siku alikuja na kazi yake pale, maana binti yake Joyeuse alikuwa mtangazaji, anasema kwa micro, na mama wa mtoto kama huyo hakai nyumbani akatulia. Anayetulia anajidanganya.

Kipindi cha Joyeuse kiliitwa "Rock: Siku Kama ya Leo". Siku hiyo alieleza namna kundi moja la Uingereza, mwaka 1969, lilipanda juu ya nyumba mjini London na kupiga magitaa saa ya chakula, mpaka polisi wakafika kwa sababu ya kelele.

Hakumaliza. Mabati ya paa la radio yalilia. Sadrack, Éliakim na Shekinah walikuwa wamekwisha panda na magitaa na ngoma zao, wakaanza kupiga rock. Hao walikuwa wapiga muziki wa kanisa. Waliuawa kwa mapanga karibu na Eringeti, tarehe hiyo hiyo mwaka uliopita, wakitoka kuimba kwenye arusi. Majirani waliinua macho, wakaona ni wao, wakaanua nguo zao kwa sababu kutu ilikuwa inaziangukia.

"Shekinah amekonda," alisema Agar, muuza mikate.

"Kule kwa wafu sombe ya kula iko wapi?" alijibu Mariette.

Hakushangaa, aliogopa. Mwaka uliopita bureau moja ya serikali ilikataza radio kusema watu wamechinjwa. Kila communiqué, lile tangazo la kifo, ilipaswa kusema "ugonjwa wa muda mfupi". Joyeuse alitaka kukataa. Mariette ndiye aliyempigia magoti: "Soma vile banataka, mutoto yangu. Bale balishakufa. Weye ungali muzima." Joyeuse akasoma hivyo kifo cha wale watatu.

Sasa Kambere, agent wa ile bureau, alifika na pikipiki, karatasi mkononi.

"Mushushe sauti! Muko na autorisation ya kupiga?"

"Chef, siye tulishakufa," alijibu Éliakim bila kuacha gitaa.

"Mulikufa na nini?"

"Na mapanga."

Kambere alitazama karatasi yake. "Hapa iko ugonjwa. Mugonjwa hapigake ngoma."

"Donc basi, badilisha karatasi, tutashuka," alisema Shekinah, akaongeza nguvu kwenye ngoma.

Joyeuse alifungua dirisha la studio. Alikuwa na ile communiqué ya mwaka uliopita.

"Mama, nisome muzuri sasa?"

Mariette alijua njia yote: pikipiki, cachot ya kufungia watu, kisha mahali pasipo na jina. Aliinuka ghafla, maharagi yakamwagika. Aliyaacha chini. Alivuta kiti chake, akakiweka katikati ya mlango wa studio, akakaa.

"Soma. Na majina. Na mahali. Na mapanga."

"Mama, toka kwa mlango," alisema Kambere.

"Hapana toka. Ita benzako, tena balete kiti ya kunibebea, niko muzito."

Joyeuse akasoma yote. Mpaka Beni watu walisikia, na gitaa nyuma yake.

Jioni watu wa bureau walikuja kumchukua Joyeuse. Siku ya tatu alirudi miguu mitupu, kipindi chake kimefungwa. Mwenye mtoto wa micro ajue hivyo ndivyo inavyokwenda, asije kusema hakuambiwa.

Wale watatu hawakushuka. Walipiga kila siku saa sita, na mtaa mzima ukazoea kula wakati huo.

Wiki ya pili bureau ilileta barua. Communiqué inabaki ya kwanza: ugonjwa. Tena, kuanzia leo, watu waliokufa na ugonjwa wamekatazwa kupanda juu ya nyumba. Chini kulikuwa na nafasi ya mpokeaji kutia sahihi.

Mariette aliomba kalamu ya bic. Akaandika pale polepole, kwa herufi kubwa za shule ya msingi: HAPANA.

Kambere aliikagua, akaona nafasi ya sahihi imejazwa, akaigonga muhuri, akasema iko sawa.