Jumatano Bila Filimbi

Jumatano ile filimbi haikulia. Wasichana walikuwa wamekwisha kujipanga kwenye uwanja wa chuo, sketi zimekazwa viunoni, miguu mitupu, wakimngoja Mwalimu Eliwaza atokee kwenye njia ya migombani kama alivyotokea kila Jumatano. Jua likajificha nyuma ya mlima, ukungu ukapanda kutoka bondeni, na njia ikabaki njia tu.

Aliyengoja kwa hofu kuliko wote ni Lea. Yeye alicheza katikati, mahali pa kuugawa mpira, na hapakuwa na msichana chuoni wa kumbishia nafasi hiyo. Lakini jana yake, wakitoka darasani, Mwalimu alimshika bega akamwambia, "Kesho huchezi, Lea. Utakaa nami pembeni." Basi, hakueleza zaidi. Lea alikuja uwanjani na swali moja mdomoni: amekosa nini? Wiki iliyofuata walikuwa washuke Same kucheza na wasichana wa Moshi, kwenye sherehe za kutawazwa kwa Malkia mpya wa Waingereza, na mama yake alikwisha kuahidi kuja toka Mamba kumtazama.

Mpira wa pete pale chuoni ulikuwa Eliwaza, na Eliwaza alikuwa mpira wa pete. Alikuja kusomea ualimu akiwa msichana mwembamba wa Myamba, akafundishwa mchezo na mwalimu wa Kizungu, na yule Mzungu aliporudi kwao, akabaki yeye na mpira mmoja uliochakaa. Pete alimwomba mhunzi, Mzee Nathanaeli, amfulie. Mzee hakuwa ameuona mchezo huo hata siku moja, akaifua ndogo, mpira ukawa unapita kwa taabu. Wasichana walinung'unika. Eliwaza alicheka tu.

"Mkizoea hii, ya Moshi mtaiona kama mdomo wa pipa."

Na alifundisha kwa namna yake. Huko milimani pembe ikipulizwa, kila nyumba hutoa mtu na jembe, wakaenda pamoja kuzibua mfereji au kutengeneza njia. Kazi hiyo ndiyo msaragambo, na nyimbo zake kila mtoto anazijua. Eliwaza aliziingiza uwanjani. Mwenye mpira anaimba, wenzake wakiitikia tu, mpira uwe umekwisha kumtoka mkononi. Anayeung'ang'ania huonekana mara moja, maana wimbo humkatikia.

Alhamisi hakurudi. Mpishi alisema amekwenda hospitali Same. Mlezi wa bweni alisema amepewa uhamisho. Mwalimu Mkuu, mama wa Kiingereza asiyependa kuulizwa mara mbili, alisema ameomba ruhusa ya siku moja kwenda kwao, na siku moja ni siku moja.

"Kakasirika na wewe," Raheli, mfungaji wao, alimtania Lea. "Umeng'ang'ania mpira mpaka mwalimu kakimbia!"

Wenzake walicheka. Lea alicheka nao, kisha akamsogezea mwenzake sahani yake ya chakula.

Jumamosi asubuhi pembe ililia ng'ambo ya bonde, upande wa Myamba. Ililia kwa muda mrefu.

"Msaragambo!" Naishorua akaruka. Huyu alikuwa binti wa wafugaji wa kule Kisiwani, na msaragambo aliujua kwa Eliwaza tu. "Ndiyo maana! Mfereji wa kwao umebomoka, mwalimu yuko kazini. Twendeni tukamsaidie, tumrudishe."

Neno lile liliwaingia wote, na Lea kuliko wote. Walichukua majembe ya shamba la chuo, wakaomba ruhusa, wakashuka bondeni wakapanda upande wa pili. Lea alikwenda mbele. Moyoni alikuwa akipanga maneno: Mwalimu, kama nimekosa, niambie. Walipokaribia nyumba, Raheli akaanzisha wimbo ule wa Jumatano, wote wakaitikia kwa sauti ya kumfurahisha mtu.

Watu walikuwa wengi, na majembe yalikuwepo kweli. Lakini hawakuwa mferejini. Wanaume walikuwa migombani nyuma ya nyumba, wakichimba, na shimo lilikuwa limekwisha kuwafika magotini. Wimbo ulimfia Raheli mdomoni. Nyuma, waliokuwa hawajaona waliendelea kuitikia kidogo, kisha nao wakanyamaza.

"Nani hawa wanaokuja msibani na nyimbo?" mzee mmoja alifoka.

"Waache," alisema mwanamke aliyeketi mlangoni. Alikuwa Bibi Susana, mama yake Eliwaza. "Ni wa kwake hao. Wekeni majembe, wanangu, mkachote maji."

Wakachota maji. Lea hakujua amekwenda mara ngapi mtoni. Baada ya Mwalimu wao kuzikwa, alipiga goti mbele ya Bibi Susana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Jina lako nani?"

"Lea."

Bibi akamtazama. "Alikutaja. Homa ilikuwa kali, alisema mengi. Alisema, Lea ana haraka."

"Haraka ya kufanya nini, bibi? Vibaya au vizuri?"

"Mwanangu, mimi mpira wenu siujui. Nimekupa kama nilivyosikia." Akafungua ncha ya kanga, akatoa filimbi yenye kamba. "Hii ni mali ya chuo. Irudishe."

Lea aliirudisha. Mwalimu Mkuu aliigeuza kiganjani, akamrudishia. "Kaa nayo mpaka tupate mwalimu," alisema.

Siku ya sherehe, Same ilijaa vumbi na bendera. Wenzake waliingia uwanjani.

"Lea, ingia bwana!" Naishorua aliita. "Katikati tuna pengo."

Lea hakuingia. Amri ya mwisho aliyopewa ilikuwa kukaa pembeni, na aliyeitoa hakuwapo kuiondoa. Toka pale alimwona Raheli akiung'ang'ania mpira, akamwona mchezaji wa ubavuni aliyeachwa peke yake, hakuna anayemrushia. Hayo akiwa katikati hakupata kuyaona. Lakini kama ndiyo aliyotakiwa ayaone, au alikuwa anaadhibiwa, hakujua. Mapumzikoni aliwaambia aliyoyaona. Walishindwa kwa bao moja.

"Nimetembea toka Mamba," mama yake alisema, akikung'uta vumbi kwenye kanga, "kuja kukuona umekaa?"

"Ndiyo, mama."

"Umekosa nini?"

"Sijui, mama."

Mwalimu mwingine hajapatikana. Siku za Jumatano, saa kumi, Lea hupuliza filimbi na wasichana hujipanga. Yeye hachezi.