Kiganja cha Meneja

Jumatatu asubuhi mpiga pasi alikuwa amesimama mbele ya kioo akijaribu kufunga kifungo cha mkono wa blauzi, na kifungo kilikataa. Alivuta kitambaa, akakigeuza, akavuta tena. Kiganja cha meneja kilikuwa bado kimemshika juu kidogo ya kifundo cha mkono, na blauzi ile ilikuwa imeshonwa kwa ajili ya mtu mmoja.

"Vaa ile ya mikono mipana," dada yake alimwambia kutoka jikoni. "Hiyo utaichana bure."

Akavaa ile ya mikono mipana.

Dada yake alikuja na vikombe vya chai, akakitazama kile kitu. Kilikuwa kiganja cha kulia, kinene, kucha zimekatwa vizuri, na kwenye kidole cha pete kulikuwa na pete ya dhahabu yenye kito cheusi. Pale kilipoachana na mwenyewe hapakuwa na damu wala kidonda. Ngozi ilikuwa imejifunga kama mdomo wa mfuko uliokazwa kamba.

"Hakijalegea?"

"Kinalegea nikikaa kimya. Nikifungua mdomo kinakaza."

Ilikuwa imetokea Jumamosi, kwenye stoo ya kiwanda cha dobi walikofua mashuka ya hoteli na hospitali. Meneja alimwita amsaidie kuchagua mashuka yaliyochakaa, akausukuma mlango kwa kisigino, akamshika. Mpiga pasi alipiga kelele, lakini nje mashine zote zilikuwa zinazunguka. Akamng'ata bega, akajivuta kwa nguvu alizojaliwa na miaka ya kunyanyua mashuka yenye maji, akatoka, na kiganja kikatoka naye. Meneja alibaki mlangoni, akauingiza mkono uliobaki mfukoni, akaenda zake ofisini.

Wenzake hawakumwuliza maswali. Mkunjaji wa mashuka alimpa mafuta ya nazi apake, ngozi isije ikachubuka. Yeye mwenyewe alikuwa na pumzi ya meneja shingoni tangu mwaka alioanza kazi. Ilimpepea mtandio hata madirisha yakiwa yamefungwa. Mwanamke wa mashine za kukausha alikuwa na sauti ya meneja kwenye sikio la kushoto, ndiyo maana ukitaka akusikie ulisimama kulia. Wote walikuwa wametoka ng'ambo ya mpaka. Pasi zao za kusafiria zilikuwa kwenye kabati la meneja, aliyezichukua siku ya kwanza akisema atawashughulikia vibali. Vibali vikaisha muda, naye akaendelea kushughulikia.

Hata mpiga pasi angezoea, kama si Jumapili. Alikuwa amekaa mlangoni anamsuka binti yake, mtoto wa darasa la tatu, wanacheka habari za mwalimu anayelala darasani. Katikati ya kusuka kiganja kilinyoosha kidole, kikaanza kuchezea utepe wa mtoto. Kikauvuta taratibu, kikauzungusha.

"Mama, unaniumiza," mtoto alisema.

Hakuwa yeye. Mpiga pasi aliuinua mkono wake juu kabisa, mbali na kichwa cha mtoto, akamalizia nywele kwa mkono mmoja. Jioni ile alimwambia dada yake kwamba kesho anakwenda polisi.

"Polisi?" Dada yake alikuwa mpishi wa shule, mwanamke asiyeogopa moto wala mwalimu mkuu. Siku hiyo aliongea kwa sauti ya chini. "Mdogo wangu, wewe na mimi tukifika polisi tunaanza na salamu tunaishia mpakani."

"Nina kiganja chake hapa. Watakataa nini?"

Dada yake akamfulia blauzi ya mikono mipana.

Kituoni, sajini wa zamu alimkaribisha kiti. Alikuwa mtu mpole mwenye tumbo la heshima, na alimsikiliza bila kumkatisha. Kila mpiga pasi alipofungua kinywa kiganja kilikaza, na yeye akaendelea tu, machozi yakimtoka kwa maumivu. Alipomaliza, sajini aliomba kuona. Mpiga pasi akapandisha mkono wa blauzi. Sajini akavaa miwani.

"Kiganja cha mwanaume," alisema.

"Cha meneja."

Sajini akainama zaidi. Alipoiona pete alinyanyuka kidogo kitini, kama mtu anayempisha mkubwa. "Hiki nakifahamu. Ndicho kilichotukabidhi kombe la mpira hapa kituoni. Nilikipa mkono mimi mwenyewe."

"Basi si ushahidi huo?"

"Ushahidi safi kabisa. Sisi huku tunahangaika na nyayo na vifungo, wewe umetuletea kiganja kizima." Akakaa tena, akakuna kidevu. "Sasa dada, matamshi yako si ya hapa. Pasi yako ya kusafiria iko wapi?"

"Iko kwake, kabatini. Pamoja na za wenzangu."

"Na kibali?"

"Alisema anashughulikia."

"Unaishi wapi, na nani?"

Mpiga pasi alimfikiria dada yake, aliyekuwa saa hiyo anakoroga uji wa watoto wa watu, akamfikiria binti yake. Akaamua kwamba hilo hatalisema hata wakimfunga. Ndipo kiganja kilipolegeza kidole cha shahada, kikakinyoosha kuelekea dirishani, upande wa barabara ya sokoni, nyumba ya pili baada ya duka la mkaa, mlango wa bluu. Kilielekeza vizuri, wala hukuhitaji kuuliza mara mbili.

Sajini alikishukuru, akaandika.

Kisha akapiga simu mbili, moja uhamiaji na nyingine kiwandani. "Mimi sina ubaya na wewe, dada," alisema, na alionekana kumaanisha. "Nikikuacha, kesho nitaulizwa mimi."

Afisa wa uhamiaji alikuwa binti mdogo, nadhifu, anayenukia losheni. Alivuta kiti karibu akamwuliza kazi yake.

"Mpiga pasi."

"Mpiga pasi asiye na pasi," alisema afisa. Sajini akacheka. Afisa naye akacheka kidogo, halafu akaomba radhi.

Meneja alifika akiwa amevaa suti, mkono wa koti umeingia mfukoni. Aliwasalimia wote, akaulizia hali ya timu ya mpira. Kisha akautandaza mkono wa koti mezani, mtupu mbele, akasema, "Njoo."

Kiganja kilimwachia mpiga pasi kidole kimoja baada ya kingine. Kikashuka, kikatembea kwa vidole juu ya karatasi ya maelezo yake, kikaingia kwenye koti. Meneja alikizungusha, akakunja ngumi, akakunjua. Akampa sajini mkono.

"Ungeniambia tu," alimwambia mpiga pasi bila kumtazama, "ningekuja kukichukua."

Sajini aliomba kuuona tena mkono wa mpiga pasi. Ngozi ilikuwa laini, haina hata mchubuko. Hata kovu la zamani la kuungua kwa pasi lilikuwa limetoweka, kama limefutwa na kitambaa.

"Sasa alama iko wapi?"

"Si umekiona kwa macho yako? Umekiongelesha!"

"Nimekiona, dada, sikatai. Lakini sasa kiko kwa mwenyewe. Na mtu kuwa na kiganja chake si kosa."

Kesi ya meneja ilifungwa hapohapo kwa kukosa ushahidi. Ya mpiga pasi haikuhitaji ushahidi. Ilikuwa imekaa kitini imevaa blauzi ya mikono mipana. Meneja aliulizwa kuhusu zile pasi za kabatini, akasema ataziangalia akipata nafasi. Afisa akamshukuru kwa ushirikiano.

Walimweka kwenye ukumbi wenye vitanda vya chuma pamoja na wanawake wengine wanaosubiri kuvushwa mpaka. Mmoja alikuwa na kisu cha mumewe kati ya mbavu, kimetulia. Alilala upande mmoja tu, na akikaa aliomba radhi kwa walio karibu na mpini. Mwingine alikuwa analowa. Mwajiri wake alimsukuma kisimani, na maji yale hayakumkauka tangu siku hiyo. Kila alipokaa aliacha dimbwi, na walinzi walimkaripia kwa kuchafua sakafu. Wote walikuwa wameanzia mahali pamoja, mbele ya meza ya sajini fulani.

"Wewe ulikwenda na nini?" yule wa kisu alimwuliza.

"Na kiganja chenyewe."

"Wakakirudisha?"

"Wakakirudisha."

Yule mwanamke alitikisa kichwa taratibu, kwa ajili ya mbavu. "Mimi changu wamesema mume wangu akikihitaji atakifuata."

Basi liliwavusha mpaka siku ya mvua. Mpiga pasi alirudi kwa mama yake, akaazima meza, akaanza kuwapigia pasi majirani. Kwa dada yake alipiga simu kila siku, na kila siku haikupatikana. Alijua tu kwamba askari walifika kwenye mlango wa bluu na kukuta chumba kitupu. Habari hiyo aliletewa na mkunjaji, aliyevushwa baada yake kwa kosa la kumwulizia kituoni. Pumzi ya meneja ilivuka naye, ikimpepea mtandio mpaka huku.

Masika yalikuwa yanakwisha dada yake alipopiga kwa namba mpya.

"Tumehama," alisema. "Mtoto mzima, anakula. Shule ile wamechukua mpishi mwingine, maana sikutokea."

"Mbona sauti yako iko mbali? Kama uko nyuma ya ukuta."

"Nimepata kazi nyingine. Nilizunguka mji mzima, kila mahali wanataka kuona vibali. Asiyeuliza ni mmoja tu."

Mpiga pasi aliinua pasi kutoka kwenye shati la jirani, akaisimamisha pembeni.

"Dada. Anakujua wewe ni nani?"

"Ananijua. Alicheka, akaniweka kwenye meza yako."

"Na amekushika wapi?"

"Mdomoni," dada yake alisema kati ya vidole. "Nimejifunza kula kwa upande. Chai nakunywa kwa mrija. Mtoto nimemwambia ni jino." Akavuta pumzi kwa pua, pumzi ndefu yenye mluzi. "Usilie. Na usiniambie niende popote. Nikienda, huyu atabaki na nani?"

Mpiga pasi hakumwambia aende popote. Aliomba kuongea na mtoto.

Binti yake alikuja kwenye simu akihema, amekatishwa mchezo. Alisimulia habari za shule mpya, za rafiki mwenye paka. Kisha akasema, "Mama mkubwa ameniambia likizo nitakuwa naenda naye kazini, maana hapa hakuna wa kukaa na mimi. Nitamsaidia kukunja mashuka madogo. Bosi wake amekubali. Amesema nije tu."

"Mwanangu," mpiga pasi alisema, "nisikilize. Ukiwa huko, usiingie stoo."

"Stoo ni nini?"

Mpiga pasi akachomoa waya wa pasi ukutani, akakaa chini, akaanza kumweleza.