Udongo wa Getini

Mama Miche alikuwa amechuchumaa kwenye bomba nyuma ya ofisi ya mpakani, akiosha mizizi. Aliushika mche mmoja mmoja shingoni, kama unavyomshika mtoto mchanga ukimwogesha, akaacha maji yapite taratibu. Udongo mweusi ulishuka kwenye shimo la saruji.

"Utoe wote, mama," alisema mkaguzi, kijana mwenye buti safi. "Mche unaingia. Udongo hauingii, una wadudu."

"Bila udongo haufiki jioni, mwanangu."

"Sheria sikuitunga mimi."

Dada yake Mama Miche, mwenye kitalu ng'ambo ya mpaka, ndiye aliyeifungasha miche. Cheti cha afya ya mimea kilikuwepo, na mihuri yake. Ila mkono uliozoea kulea miche haukukubali kuiacha mitupu. Kila mzizi aliupa konzi ya udongo usije ukaona kiu njiani. Konzi hiyo ndiyo iliyoikamatisha.

Na miche hiyo ndiyo shamba lenyewe. Idara ya misitu iliwagawia wajane kama yeye mteremko wa mlimani kwa sharti moja: mvua ikianza, mti ulioidhinishwa uwe umeshapandwa. Mti wenyewe nchini hauna kitalu hata kimoja. Asiyepanda, ananyang'anywa. Na wingu lilikuwa limeshakaa mlimani.

Alipomaliza aliilaza miche sakafuni, akaifunika kwa khanga mbichi. "Sasa niende?"

"Mizizi mitupu anaikagua mtaalamu. Anakuja kesho. Hiyo khanga toa, haijakaguliwa."

"Yaani ikiwa na udongo ni kosa, nikiutoa—"

"Mama, usinichoshe."

Akaitoa.

Lori la kampuni ya mbao likafika, limesheheni miche ya aina ileile, kila mmoja na mfuko wake wa udongo unaochuruzika. Mkaguzi akapunga mkono tu. Geti likainuka.

"Na hao?"

"Wana kibali maalumu."

Askari wa geti akamsogelea, akanong'ona, "Shangazi, wadudu wa matajiri hawaumi."

Mama Miche nusura acheke. Lori likaruka tuta, madonge yakamwagika njiani. Mkaguzi akayatazama, kisha akaleta ufagio.

"Mama, njoo ufagie udongo wako."

"Wangu?"

"Nani mwingine aliyekamatwa na udongo hapa leo?"

Askari aliinama akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Mama Miche akaupokea ufagio. Kesho angemhitaji mkaguzi huyuhuyu. Alifagia. Donge la mwisho aliliokota kwa mkono. Lilikuwa bado la baridi, limeshika maji. Kule sakafuni mizizi ilikuwa imeanza kujikunja kwenye jua.

"Tia kwenye pipa," alisema mkaguzi. "Na unawe mikono, usije ukaondoka nao."

Bomba, mkaguzi alikuwa ameshalipiga kufuli.