Viatu vya Rafu ya Juu

Siku moja kabla ya mbio, baba yangu alinibandulia soli za viatu. Hakuniuliza. Nilirudi kutoka kazini mchana nikakuta raba zangu juu ya meza yake, zimepigwa soli mpya za tairi, nene, nyeusi, zimeshonwa kuzunguka pande zote, na yeye mwenyewe anazing'arisha kwa kitambaa. Damu ilinipanda kichwani. Nilishika fremu ya mlango kwanza, maana mkono ulikuwa unatafuta kitu cha kurusha.

Ili uelewe hasira zangu, inabidi umjue baba. Ni fundi viatu. Wateja humwita Fundi Msumari, kwa sababu tangu afungue mpaka afunge huwa amebana misumari midogo midomoni, na anakuongelesha kwa pembe ya mdomo akitaka. Asipotaka, misumari ni kisingizio tosha. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: meza, stuli, benchi la wateja, na rafu tatu ukutani. Rafu ya chini ni ya viatu vilivyoletwa, ya kati ni ya vinavyoendelea, ya juu ni ya kazi zilizokwisha. Kiatu hakipandi rafu ya juu mpaka baba akipige mstari wa chaki kwenye soli. Mteja anaweza kulia, anaweza kusema harusi yake imeshaanza. Kama hakuna chaki, haondoki na kiatu. Baba hajawahi kulipua kazi, kuifanya ovyo bora iishe, na hilo analisema mwenyewe, hata kwa watu ambao hawakuuliza.

Mimi ndiye kazi yake pekee iliyokataa kupanda rafu ya juu. Hilo nalo analisema. Nilisomea ushonaji nikaacha katikati. Nilifungua saluni na rafiki yangu, ikafa. Niliolewa, nikarudi nyumbani na begi langu. Sasa nafua mashuka ya hospitali, na kila mteja anayekaa kwenye benchi akisubiri kisigino lazima asikie habari hizo. "Huyu binti yangu kuanza anajua," baba atasema. "Kumaliza ndiyo hajui." Anasema nikipita na ndoo, anasema nikileta chai, na mteja anacheka kwa adabu. Nina miaka thelathini na minne, nachekwa na watu waliovua viatu, soksi zimetoboka.

Siku niliyojiandikisha mbio, baba alikuwa amesema hivyo mbele ya tarishi wa hospitalini kwetu, mtu ninayekutana naye kila siku kwenye korido. Nilifika kazini nimevimba kwa hasira. Tulikuwa tunakunja mashuka wakati muuguzi wa wodi ya wazazi alipoingia kutafuta watu wa kuiwakilisha hospitali kwenye nusu marathoni. Kilomita ishirini na moja. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akakalia kikapu. Mimi nilisema niandike. Tangu utoto sikuwa nimekimbia popote ila kukwepa mvua.

Muuguzi yule ni mama wa makamo, mzito kidogo, na sisi wa chumba cha kufulia tunamwita Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno lake. Siku ya kwanza ya mazoezi nilitoka mbio kama ninayefukuza mwizi. Sikufika mbali. Nilijishika magoti pembeni mwa barabara, koo linawaka, na Taratibu akanifikia akitembea, hajatokwa hata na jasho. Aliniuliza ninamkimbia nani. Nikamwambia simkimbii mtu, namkimbilia mtu nikamwonyeshe.

"Hasira itakufikisha kilomita ya tano," alisema. "Baada ya hapo utahitaji pumzi. Anza kutafuta pumzi sasa."

Basi akanifundisha. Nikimbie kwa mwendo ambao ninaweza kuongea. Nikishindwa kumalizia sentensi, nimezidisha. Safari ndefu ni moja tu kwa wiki, na niiongeze kidogo kidogo, nisiwe na tamaa. Siku ya kupumzika nipumzike kweli, maana mguu unajengeka ukiwa umelala. Maji ninywe kabla kiu haijaja. Nikichoka nitembee, kutembea si kuacha, lakini nisikae chini, maana aliyekaa huwa anaanza kufikiri. Nilimjibu vibaya mara nyingi. Nilimwambia yeye anafurahia kuona watu wanateseka, ndiyo maana akachagua wodi ya wazazi. Alicheka, akasema wale nao humtukana, kisha hutoka pale wamebeba mtoto.

Miezi ile nilibadilika. Niliweza kupandisha vikapu vya mashuka mabichi ngazi zote bila kusimama. Nilikimbia kabla ya kazi, nikarudi nimelowa, nikapita katikati ya karakana kwenda ndani. Kila siku. Na baba hakuniuliza hata mara moja nimetoka wapi wala nimefika wapi. Kitu pekee nilichomsikia akisema, tena si kwangu, ni kwa mteja: "Anajiandaa kwa mbio. Na mbio zenyewe nusu." Wakacheka.

Raba zenyewe nilizinunua mitumba, nyepesi, soli zake laini za sponji. Mwanzoni zilinichubua. Halafu tukazoeana. Kiatu cha kushoto kililika kisiginoni upande wa nje, ndivyo ninavyokanyaga, na kadiri kilivyolika ndivyo kilivyonikaa. Taratibu alikuwa amenikamata mkono akaniambia jambo moja kubwa kuliko yote: siku ya mbio usivae kitu kipya, hata soksi, hata sidiria, sembuse viatu.

Ndipo nikazikuta juu ya meza zimevaa tairi.

Nilimuuliza amefanya nini. Alinijibu kwa pembe ya mdomo kwamba mtoto wa fundi viatu hawezi kupita mbele ya mji mzima na kisigino kilichokwenda upande. Watu watamwona yeye. Nakumbuka vizuri, hakusema watakuona wewe. Kisha akazigeuza anionyeshe. Alikuwa amezipiga mstari wa chaki. Kitu changu cha kwanza kupata chaki katika nyumba ile, na hata hakikuwa kazi yangu.

Nilizivaa. Zilikuwa ngumu na nzito kama matofali. Nilitembea nazo mpaka mlangoni na kurudi, nikajua kabla ya nusu ya njia nitakuwa nachechemea.

"Zirudishe kama zilivyokuwa," nilisema.

Akatikisa kichwa. Kazi imekwisha, imepigwa chaki. Nikainama chini ya meza, nikavuta debe la mabaki, kwa kuwa baba hatupi kitu, nikazitoa soli zangu za zamani nikazipiga juu ya meza mbele yake. Nilimwambia miguu ni yangu, njia ni yangu, na kisigino kilichopinda ni changu, nimekipinda mwenyewe kwa jasho langu.

"Zirudishe, baba. La sivyo kesho nakimbia pekupeku, na kila atakayeniuliza nitamwambia mimi ni binti wa Fundi Msumari."

Alitema misumari kiganjani. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kabla ya saa ya kufunga. Alinitazama, akatazama soli, kisha akachukua kisu akaanza kukata uzi wake mwenyewe. Kila uzi ukikatika nilimwona akikunja uso, na sikumhurumia. Alibandua tairi, akasugua, akapaka gundi, akabandika soli zangu chakavu, akazigandamiza kwa chuma. Nikamwambia azishone. Akasema sponji ile ni laini, uzi utaikata, yeye hashoni kitu ambacho uzi utakikata. Gundi ile hutaka mchana na usiku mzima chini ya uzito ndipo ishike. Alijua. Mimi pia nilijua, nimekulia chini ya meza ile. Hakuna aliyesema. Aliziacha sakafuni, hazina chaki, akaingia ndani.

Asubuhi nilitoka bila kumuaga. Hasira zilikuwa zimenijaa mpaka nikashindwa kumeza kipande cha mkate. Taratibu alikuwa zamu kwenye hema la huduma ya kwanza mwisho wa njia, hivyo sikuwa naye, lakini maneno yake yalikuwa kichwani. Watu walipotoka kwa kasi nilijizuia. Wakanipita wazee, akanipita mtu aliyevaa kama kuku. Nilijisemesha kwa sauti kupima pumzi, na sitaki kurudia niliyokuwa nasema kuhusu baba. Nilikunywa maji kwenye kila kituo. Kufika katikati nilianza kuwapita walionipita, yule kuku akiwa wa kwanza.

Shida ya njia ile ni kwamba, zikiwa zimebaki kama kilomita tano, inapita mbele ya nyumba yetu. Nilikuwa nimeiogopa sehemu hiyo tangu nione ramani. Miguu inakuwa mizito, na pale pana mlango wako, kitanda chako, maji yako. Na kabla sijafika kona ya mtaa wetu, soli ya kushoto ikaachia mbele. Ikaanza kupiga lami, pa, pa, pa. Nilijaribu kukunja vidole kuishika. Nikajikwaa, nikaanza kutembea, na machozi ya hasira yakanitoka, kwa sababu niliona jinsi itakavyokuwa: nitaingia pale mlangoni, nusu ya nusu, na baba atakuwa na habari ya kuwasimulia wateja mpaka azikwe.

Baba alikuwa nje. Jumapili, siku ambayo hagusi hata kamba ya kiatu, alikuwa ameburuta meza yake mpaka ukingoni mwa barabara, na juu yake sindano nene, uzi, na nta. Midomoni hakuwa na misumari.

"Kaa," alisema, akisogeza stuli.

"Sikai. Nikikaa sitainuka."

"Basi niegemee."

Akapiga magoti. Nilimkabidhi kiatu, nikasimama kwa mguu mmoja, mkono wangu wote nimeukandamiza begani kwake, na sikujaribu kuupunguza uzito. Watu walikuwa wanapita. Nilimuuliza kama alijua gundi itaachia. Alisema alijua. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema angesema, labda nisingeanza.

"Miezi yote hii," nilimwambia, na sauti yangu ilikuwa juu, majirani walikuwa wanasikia, nikaacha wasikie. "Hukuniuliza hata siku moja nimefika wapi."

"Nilikuwa naangalia soli kila siku," alisema. "Nilijua ulikofika."

"Soli haina masikio, baba. Mimi ninayo."

Aliishika sponji, akasita na sindano, nikaona mkono wake unavyokataa. Alisema uzi huu utaikata soli, hautafika jioni.

"Sina haja na jioni. Lipua."

Akalipua. Alipiga mishono mikubwa ya ovyo, mishono ambayo mwanafunzi yeyote wa ufundi angefukuzwa kwayo, akavuta, akafunga fundo, akakata kwa meno. Akanivisha mwenyewe. Nilikuwa nimeshaondoka kabla hajainuka.

Kilomita zile za mwisho sina la kuzisifia. Uzi ulikuwa unanikata kidole, nyonga zinauma, na hasira zilikwisha njiani kama Taratibu alivyosema. Ilibaki pumzi, na pumzi nilikuwa nayo. Nilikimbia, nikatembea, nikakimbia tena. Nilivuka mstari wa mwisho nikikimbia. Taratibu alitoka hemani akanishika mashavu yote mawili, akaniambia niseme sentensi nzima. Nikasema, "Nimemaliza, na nina njaa." Akasema pumzi ipo.

Nyumbani sikumtafuta baba. Nilivua raba karakanani, zimejaa vumbi na damu kidogo, soli imeshaanza kupasuka kwenye mishono, nikapanda juu ya benchi, nikaziweka rafu ya juu katikati ya viatu vya watu vinavyong'aa. Kisha nikaenda kulala.

Asubuhi nilikuwa natoka kwenda kazini, nachechemea, nikasikia mteja kwenye benchi akiuliza kwa kicheko vile vilivyooza pale juu ni vya nani. Nilisimama nyuma ya pazia. Nilishakunja ngumi. Nikasikia misumari inadondoka mezani mmoja mmoja.

"Vya binti yangu," baba alisema. "Ameanza, akamaliza."

Nilitoka. Alikuwa amesimama na kiatu changu mkononi, chaki katika mkono mwingine, na mstari ulikuwa umeshapita juu ya soli ile mbovu, juu ya mishono yake ya aibu. Mteja aliangalia soksi zake. Sikulainika. Hilo neno alikuwa amempa mteja anayesubiri kisigino, kama alivyozoea kuwapa yote.

"Rudia," nilimwambia. "Na unitazame mimi."

Baba alikiweka kiatu mezani, akafuta chaki vidoleni, akainua macho. Akarudia.