Mkasi Uliotoka Dukani

Mke wangu alilazwa siku kumi na mbili kwa sababu ya goti, na kila nilipokwenda kumwona, swali la kwanza lilikuwa nyasi. Si mimi, si watoto. Nyasi! Uwanja wa mbele ni wake, mashine ya umeme ya kukatia nyasi ni yake, nami nimekatazwa hata kuigusa. "Wewe fundi, kaa na vitambaa vyako," husema.

Asubuhi ya kuruhusiwa kwake, binti yetu alipiga simu kwamba wangefika saa nne. Nikachungulia nje. Kwa mvua za siku hizo, nyasi zilikuwa zimefika usawa wa magoti. Nikajiapiza kwamba, piga ua, hataingia nyumbani kabla sijazikata. Siku zote hizo nyumba ilikuwa imenipwaya kama koti la mtu mwingine, na nilitaka arudi akiwa na furaha.

Suti nimeshona miaka thelathini, nyasi ndizo zinishinde? Nikachomeka waya ukutani, nikaulaza juu ya nyasi, mrefu, mweupe, umenyooka. Nusu ya uwanja nikaimaliza vizuri, nikaanza kujisifu peke yangu. Kumbe mikono ina mazoea yake. Macho yangu yakiona mstari mweupe yanadhani ni chaki, na chaki ikishachorwa, mimi hukata juu yake.

Nikakata juu yake.

Cheche moja, mlio mmoja, kisha kimya. Nikakimbia kuzima swichi kuu, nikachomoa waya ukutani, nikarudi kutazama. Waya ulikuwa vipande viwili, na nakiri, umekatwa sawasawa kabisa. Fundi umeme akaniambia kwa simu kwamba atakuja alasiri. Saa yangu ilionyesha saa tatu na robo.

Nikajaribu kisu cha jikoni, nyasi zikalala tu. Hapo nikaukumbuka mkasi wangu mkubwa.

Mkasi ule nilipewa na fundi aliyenifundisha kazi. Hukata kitambaa, basi. Miaka ishirini iliyopita mke wangu aliutumia kukata karatasi ya kufunikia daftari la mtoto, nikanuna siku tatu, hata chai yake sikunywa. Sasa nilisimama katika duka langu la ushonaji, pembeni mwa nyumba, nimeushika, roho inauma. Kisha nikatoka nao, nikapiga magoti uwanjani.

Saa nne kamili geti likafunguliwa. Mke wangu alikuwa akitembea kwa magongo, binti yetu nyuma yake na mabegi.

"Baba, unafanya nini?" binti akauliza.

"Nimekata waya wa mama yako," nikasema. Nilisubiri kuchambwa.

Mke wangu hakuutazama waya. Alitazama mikono yangu.

"Huo si mkasi wako?"

"Ndio huo."

"Wa vitambaa?"

"Kuna mwingine unaoujua?"

Alicheka mpaka binti akatupa mabegi ili amshike.

"Mimi ulininunia siku tatu kwa karatasi moja!"

"Nilikosea," nikasema. Maneno hayo yalichelewa miaka ishirini.

Akajifuta macho kwa upande wa mtandio. Kisha akamwambia binti amletee kiti, kiwekwe palepale penye nyasi ndefu. Akakaa, akanyoosha mguu wenye bandeji, akanyoosha na mkono.

"Lete. Unakata vibaya."

Nikampa mkasi, mpini mbele, kama ninavyompa fundi mwenzangu.