Kiraka Mgongoni

Nzula ameshona nguo Mutuini miaka ishirini na miwili, na kosa kubwa kuliko yote maishani mwake lilitokana na ufundi huohuo. Aliziba tundu la risasi.

Jaketi la Masila, mwanawe wa pekee, lilirudi kutoka mochari limekunjwakunjwa ndani ya mfuko, wiki moja baada ya koplo wa polisi kumpiga risasi karibu na steji ya bodaboda alikofanya kazi. Nzula alilifua maji matatu. Kisha akakaa kwenye cherehani, akalitia kiraka kwa ndani, akafuma kwa juu kwa uzi wa rangi ileile mpaka hata ukipapasa huwezi kuhisi chochote. Mwana wa fundi aache nyuma nguo yenye tundu? Watu waseme hakuwa na mama? Thubutu! Hakuna aliyemwambia kwamba huo ni ushahidi. Wapelelezi walikuja miezi minne baadaye, wakalichukua hivyohivyo.

Huu sasa mwaka wa tatu. Ripoti ya daktari ilipotea. Shati nalo likapotea. Ajabu ya vitu vya maskini, huota miguu vikifika ofisini. Lilibaki jaketi, na jaketi lilikuwa zima.

Asubuhi ya kesi, redio ya kinyozi wa jirani ilikuwa na mjadala. Jamaa mmoja alipiga simu kutoka Loresho, mtaa wa matajiri, akasema polisi waachwe wafanye kazi, korti zinawafunga mikono, wahuni wamezidi. Mbuthia, mwenye nyumba za kupangisha, alikuwa amekuja kuchukua suruali yake. Alitikisa kichwa kukubali.

"Usikasirike, Mama Masila," alisema, "lakini polisi hawezi kupiga mtu bure. Lisemwalo lipo."

Nzula alimtupia suruali kifuani.

"Chukua, na zipu sijamaliza! Mkuki kwa nguruwe mtamu, Mbuthia. Siku utakapofika kwako uje hapa tuongee hayo maneno yako."

Alifunga kibanda akaenda mjini na hasira yake, na hasira hiyo ndiyo iliyompandisha kizimbani saa nne.

Koplo alikuwa ameketi mbele, suti mpya, kiatu kinang'aa. Alikuwa ameshaeleza kwamba Masila alimjia uso kwa uso na kisu, naye akajitetea. Wakili wake aliliinua jaketi kwa vidole viwili, akaligeuza mbele, akaligeuza nyuma.

"Mama, unasema mwanao alipigwa mgongoni akiwa amevaa hili?"

"Hili hili."

"Basi nionyeshe tundu." Alilileta karibu na jaji. "Mheshimiwa, hakuna. Jaketi lilikuwa limefunguliwa mbele, risasi ikaingia kifuani, kama mteja wangu alivyosema. Huyu mama ana uchungu, tunamwonea huruma, lakini uchungu si ushahidi."

"Tundu nililiziba mimi," Nzula alisema.

Watu wakanong'ona. Wakili akatabasamu. "Uliliziba. Na hakuna aliyeliona isipokuwa wewe?"

Ee Mungu! Mikono hii! Angekuwa fundi mbovu, wa kushona kwa kuparuza, leo kila mtu angeliona. Nzula alimtazama jaji, mama wa makamo mwenye miwani.

"Mheshimiwa, nipe ruhusa nifumue. Nikikosa tundu, nifungeni mimi."

Wakili akaruka kupinga. Kiongozi wa mashtaka naye akaruka kumjibu. Jaji aliwanyamazisha wote wawili, akamkubalia, kila mtu akitazama. Nzula aliomba wembe. Askari wa korti akasema wembe hauruhusiwi humo ndani.

"Haya," alisema Nzula. "Risasi iliruhusiwa."

Alilivuta jaketi mdomoni. Akatafuta kwa ulimi fundo alilolifunga mwenyewe, akaling'ata, uzi ukakatika. Akafumua kwa kucha, mshono baada ya mshono, machozi yakimtiririka, hata hakuyapangusa. Kiraka kikadondoka. Mgongoni, kati ya mabega, chini kidogo ya kola, pakabaki tundu lenye kingo zilizoungua, nyuzi zake zimeelekea ndani. Akapitisha kidole. Kikatokea upande wa pili.

Nzula akageuka, akamnyooshea koplo jaketi.

"Livae," alisema. "Livae, baba, uwaonyeshe hawa watu vile mtu anakujia uso kwa uso na mgongo."

Koplo alitazama viatu vyake. Wakili alikaa chini. Jaji alivua miwani, akamwambia karani aandike kwamba tundu liko mgongoni, aandike pia kwamba korti nzima imeliona.

Karani alikuja kulichukua jaketi. Nzula hakuliachilia mara moja.

"Mwaka ule nililionea aibu tundu hili," alimwambia. "Liacheni hivyo hivyo. Aibu si yangu."